Taa ya Kombi na Macho ya Mkwe

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Siku kubwa! Ujumbe umefika kutoka Kasokola. Kauleta Anselmo, mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili, yeye mkubwa, mimi mdogo, na hajawahi kuniacha nisahau kwamba yeye alitangulia. Alisimama mlangoni pa Kombi, gari ninamoishi, hakuingia, akaanza kunigawia habari kidogo kidogo ili anione nikihangaika. Kwamba mke wangu Verdiana hajaniacha bado. Kwamba mama mkwe atakuja mjini kwa Misa ya Kupalizwa Mbinguni, tarehe kumi na tano, yeye na Verdiana. Kwamba jioni ya siku hiyo watapita hapa kuona ninapoishi. Mama akiona panakalika, Verdiana anabaki. Akiona hapakaliki, wanarudi wote Kasokola, na ndoa ndiyo imeishia hapo.

Panakalika! Mbona panakalika sana! Kitanda kipo. Jiko la mkaa lipo. Kiti cha wateja kipo na kioo kipo, maana mimi ni kinyozi, na kinyozi mwenye gari ni kinyozi wa wilaya nzima. Petroli ikirudi nitanyoa Kasokola, nitanyoa Mwese, nitashuka mpaka ziwani kunyoa wavuvi, na popote nitakapolala ni nyumbani kwangu. Ndiyo maana niliezua mabati ya nyumba yetu nikabadilishana na Kombi hii. Biashara safi kabisa. Verdiana ndiye hakuielewa. Alirudi kutoka shambani akakuta kuta zimesimama peke yake, hakuna paa. Akafunga nguo zake. Akasema yeye si gunia la mpunga, hawezi kulazwa kwenye gari. Akaenda kwao.

Ninamkumbuka sana. Nasema wazi, hakuna anayesoma hapa. Nikipika ugali napika wa watu wawili, halafu nabaki nautazama.

Ninachokosa ni kitu kimoja tu: taa. Koroboi limetia masizi dari nzima, na mama mkwe moshi unamtoa machozi. (Jina lake siandiki. Mtu hataji jina la mama mkwe wake, hata kwa kalamu.) Basi nitaweka umeme. Umeme ndani ya gari! Hapa Majengo nani anao?

Jumanne, 7 Agosti

Nimeshinda nawaza umeme. Kichwa kinachemka kwa raha. Karabai nimelikataa: linanguruma, na mafuta ya taa siku hizi hupati mpaka ujuane na mtu dukani. Yamebaki mambo matatu. Betri za redio, dainamo ya baiskeli, jenereta. Nitayajaribu yote kitaalamu, nichague lililo bora.

Leo betri. Nimezunguka mtaa mzima kuomba betri zilizokwisha. Watu wamenipa kwa moyo mmoja, wengine wamecheka. Nikazianika juu ya Kombi tangu asubuhi zipate nguvu, kama kila mtu afanyavyo. Jioni nikazipanga mstari mmoja juu ya kitanda, nikazikaza kwa mpira wa tyubu, nikagusisha waya. Balbu ikawaka! Nyekundu kidogo. Nikasema ndiyo kwanza inaanza. Kumbe ndiyo ilikuwa inamaliza.

Nalala na koroboi. Kesho dainamo. Sina wasiwasi hata kidogo.

Jumatano, 8 Agosti

Dainamo! Ukweli ni kwamba nilikuwa natembea na umeme kila siku na sikujua. Nimeigeuza baiskeli yangu miguu juu mlangoni, dainamo imelala kwenye tairi, waya umeingia ndani mpaka kwenye balbu. Mtu akizungusha pedali kwa mkono, taa inawaka. Mtu mwenyewe nimempata bure: ni mteja anayengoja zamu yake. Akili hiyo!

Jioni walikuja wateja wawili, Rafaeli wa gereji na Pontien wa kwaya. Nikamkalisha Pontien kitini, Rafaeli akashika pedali. Loo, mwanga! Nikaona kila unywele. Nikaanza na mashine kutoka shingoni kupanda juu. Tulipofika utosini akapita mtu anayemjua Rafaeli, Rafaeli akaachia pedali ampe mkono. Giza tupu. Mashine yangu ilikuwa inaendelea.

Mwanga uliporudi Pontien alikuwa na barabara katikati ya kichwa, pana, imenyooka vizuri kuliko ya kwenda Mwese. Nilimweleza kwamba dawa yake ni kunyoa chote. Akasema tarehe kumi na tano anasimama mstari wa mbele kwaya nzima ikitazamwa, na mimi nitajibu mbele za Mungu. Nikanyoa chote. Hakuaga.

Dainamo nimeiacha. Haiwezekani mama mkwe aje kuona mwanga halafu apewe pedali.

Ijumaa, 10 Agosti

Anselmo kasikia. Nani kamwambia? Pontien, bila shaka. Leo kaja na jenereta yake, ile ya baa, kwenye toroli, na tabasamu la mtu aliyekuja kutoa msaada kwenye msiba.

Akaiwasha pembeni ya Kombi. Mungu wangu! Gari lote likatetemeka kama lina homa. Kioo changu kikaondoka msumarini, nikakidaka kwa magoti. Kuku wa jirani wakapotelea migombani. Lakini taa iliwaka, siwezi kusema uongo. Nyeupe. Anselmo akapaza sauti juu ya ule mngurumo, akasema ataniazima jenereta kwa siku ile ya tarehe kumi na tano, hata petroli atatoa yeye. Moyo ukaniruka. Nikasema asante kaka. Ndipo akamalizia: kwa sharti kwamba mama akishaingia, yeye Anselmo atasimama hapo nje aeleze mwanga huu ni wa nani.

Nikakataa hapohapo. Mke wangu arudi kwangu kwa mwanga wa Anselmo? Kila nikiwasha taa maisha yangu yote nikumbushwe? Nikamwambia jenereta yake inanuka na mama hapendi moshi. Akaipakia tena kwenye toroli, anapiga mluzi. Akasema kibatari kimoja atanisaidia nikikwama.

Zimebaki siku chache, na nimeshayakataa yote matatu. Usiku nilisali rozari, nikaongeza na nia ya umeme.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimesikilizwa! Siwezi kuandika sawasawa!

Wale wazungu wa kupima madini porini wanafunga kambi, wanaondoka. Dreva wao ni Masele, Msukuma mmoja mrefu, mteja wangu wa zamani. Leo nikiwa namnyoa nikamlilia habari ya taa. Akacheka. Akasema kambini kuna kitu walikuwa wanachajia redio ya upepo. Hakingurumi, hakili mafuta, hakihitaji mtu wa kuzungusha. Kinakula jua. Mzungu kampa kama zawadi ya kwaheri, na yeye hana kazi nacho.

Nikasema Masele, nina nywele zako mkononi, usinitanie. Akasema twende ukaone.

Nimekiona. Bamba! Kama kioo cha dirisha, lakini ndani yake kuna vipande vyeusi vya buluu vya mviringo, vimepangwa kama sarafu. Nyuma nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Masele akaeleza: bamba linachota jua mchana, linamimina kwenye betri ya gari, usiku betri inawasha taa. Kesho yake jua linarudi, unachota tena. Hakuna wa kumwomba, hakuna foleni. Jua la Mpanda! Sisi jua tunalo mpaka la kutupa!

Nikatoa baiskeli. Papo hapo. Masele akaizungusha pedali, akaangalia breki, akasema haya. Nimetembea kwa miguu mpaka Majengo nimebeba bamba kichwani, nimelifunga kwa shuka. Watu wakiniuliza ninabeba nini nawajibu umeme. Raha niliyoisikia, sijaisikia tangu siku ya harusi.

Jumapili, 12 Agosti

Sikwenda Misa, Mungu anisamehe. Nililipandisha bamba juu ya paa la Kombi alfajiri. Halafu nikaogopa. Saa sita jua lilikuwa kali mno, nikaligusa, linaunguza. Nikasema kitu kizuri hiki kitapasuka. Nikalifunika blanketi lipumzike, nikalifunua jua lilipopoa. Kisha nikaisukuma Kombi na Rafaeli mpaka kivulini, kwenye mti wa jirani, ili ndani pawe na ubaridi.

Jioni hakuna kitu. Betri ya Kombi imekufa kama jana.

Nikamfuata Masele kambini kwa miguu. Nikamweleza nilivyolitunza. Akaniuliza kama ng'ombe wangu ningewafunga midomo wasichoke kula. Nimeelewa. Halitaki kivuli, halitaki blanketi, linataka kuteseka.

Jumatatu, 13 Agosti

IMEWAKA! Imewaka, imewaka, imewaka!

Leo tumeisukuma Kombi mpaka katikati ya kiwanja pasipo na kivuli hata cha kuku. Bamba nimeliegemeza kwenye tofali lielekee mashariki, mchana nikalilaza, alasiri nikaligeuza magharibi. Sikunyoa mtu. Nililitumikia bamba kutwa. Mara ya kwanza niliunga waya mwekundu kwa mweusi, zikaruka cheche nikajigonga kichwa. Nikageuza. Jua lilipozama nikabonyeza swichi.

Mwanga mweupe, kimya kabisa. Hakuna mngurumo wala moshi. Niliona vidole vyangu vyote. Nikaona masizi ya dari nikacheka, nikaona shati la Verdiana la kazi limening'inia nyuma ya kiti nikaacha kucheka. Majirani walikuja kutazama. Pontien alisimama mbali na kofia yake, lakini alitazama. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Verdiana mke wangu, njoo uone!

Anselmo naye kapita. Akasema ni taa ndogo. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Jumanne, 14 Agosti

Matatizo madogo madogo, yote nimeyamaliza.

La kwanza, joto. Gari likikaa juani kwa ajili ya bamba, ndani unaoka. Lakini wageni watakuja jua likizama, kwa hiyo si tatizo.

La pili, harufu. Betri ikichajiwa inatoa harufu ya tindikali, na nilikuwa nimeiweka chini ya kitanda. Leo nimeihamishia chini ya gari, juu ya tofali mbili. Waya umekuwa mfupi, kwa hiyo swichi nayo imebidi ishuke huko huko chini. Ukitaka kuwasha unalala chali mavumbini, unanyoosha mkono. Nitanunua waya siku nyingine.

La tatu ni la heshima, na hili ndilo limenisumbua zaidi. Mimi na mama mkwe hatutazamani. Huko kwao ni mwiko mkubwa. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini mwingine apite. Akija kwangu nasalimia nikiwa nyuma ya ukuta. Chumba chenye kitanda changu haingii mimi nikiwemo. Kwenye nyumba ilikuwa rahisi, kulikuwa na kuta. Kombi ni madirisha matupu! Nikisimama nje ananiona, nikikaa ndani ndiyo balaa kabisa. Nani atawasha taa?

Nimekaa juu ya ndoo nikawaza mpaka jibu likaja, nikaruka. Nitakuwa chini ya gari! Swichi iko huko huko! Wao wanaingia gizani, wanakaa, mimi sionekani wala siwaoni, heshima imetimia. Nasubiri watulie, nabonyeza. Mwanga unawashukia kama muujiza, na mwenyewe hayupo! Verdiana atajua ni mimi. Mama atasema mkwe huyu ana adabu.

Sakafu ya nyuma ina tundu la kutu, upana wa sahani. Nimetandika mkeka mpya juu yake. Halionekani.

Jumatano, 15 Agosti, Kupalizwa Mbinguni

Sijui nianzie wapi. Nianze na mazuri, maana yalikuwepo.

Misa nilisimama nyuma kabisa, upande wa wanaume, nikainamisha uso mama mkwe alipopita. Verdiana nilimwona mgongo tu. Kitenge cha buluu. Amenenepa kidogo, amependeza. Pontien aliimba na kichwa kinang'aa.

Jua lilipoanza kushuka nikafagia kiwanja, nikanyunyiza maji, nikatia maua ya manjano kwenye kopo. Nikaingia chini ya gari. Mimi ni mwembamba, nilipenya. Nikalala chali, kidole kwenye swichi, moyo unapiga mpaka nikaogopa watausikia.

Nikasikia nyayo. Sauti ya Anselmo ikiwaonyesha njia, kisha Anselmo akabaki nje mbali. Mlango ukavutwa. Gari likazama kidogo upande mmoja, halafu kidogo tena. Wamo. Giza. Mama akauliza wanakaa wapi, kitu chenyewe hakionekani. Nikahesabu pumzi zangu. Nikabonyeza.

Halafu nikamsikia Verdiana akivuta pumzi, ile yake ninayoijua. Ndipo mama mkwe akasema, kwa sauti ya chini, nami nilisikia kila neno kupitia sakafu:

"Mwanangu, hapa pana mwanga. Kaa."

Kaa! Alisema kaa! Machozi yakanitoka, yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa chali. Nilitaka kupiga kigelegele. Laiti dunia ingesimama pale.

Lakini Verdiana ni mwanamke msafi. Akasema mkeka huu ni mpya, ngoja aukung'ute vumbi kwanza mama aukalie. Akaushika pembe, akauinua.

Mwanga wote wa balbu ukapita kwenye tundu ukatua usoni kwangu. Nilikuwa nimefumbua macho. Juu ya tundu, miguu hapa na pale, alikuwa amesimama mama mkwe, ameinama kutazama nini kimefunuliwa. Tukatazamana. Mimi chini, yeye juu, hakuna hata ukuta wa unyasi kati yetu. Sijawahi kuuona uso wake hivi tangu nioe. Ana kovu dogo juu ya nyusi.

Kama ningefumba macho tu! Kama ningezima! Swichi ilikuwa mkononi mwangu! Lakini akili iliniruka, ulimi ukatangulia, nikasema, "Shikamoo mama."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alijifunika uso kwa khanga, akatoka kinyumenyume, akagonga kioo changu, sasa kimevunjika. Akaondoka kuelekea nyumbani kwa Anselmo bila kugeuka, na Verdiana nyuma yake anamwita. Mimi nikajaribu kutoka, shati likanasa kwenye chuma. Anselmo ndiye aliyenivuta kwa miguu. Hakucheka mpaka nilipotoka mwili mzima. Halafu alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Taa ilikuwa bado inawaka. Nzuri mno.

Alhamisi, 16 Agosti

Wameondoka Kasokola asubuhi. Nimejificha nyuma ya kuta za nyumba yetu isiyo na paa nikawaona wakipita. Verdiana aligeuka mara moja akaitazama Kombi.

Sijala. Nimejaribu kujua kosa lilikuwa wapi, nimefikiria kutwa nzima. Nimepata jibu. Balbu ilikuwa kubwa mno. Ingekuwa ndogo, mwanga usingefika chini.

Jumapili, 19 Agosti

Nimerudi kutoka Kasokola, nimechoka, nina furaha ya kufa mtu!

Baba mkwe aliniita. Nilikwenda na jogoo wangu na kitenge kipya, maana huko kwao mkwe akionwa vibaya hufunikwa kwa nguo mpya, macho yafutike. Anselmo alinitangulia, akakaa karibu na mzee kama hakimu wa pili. Nilikaa chini. Mzee akaniuliza mbele ya ukoo nilikuwa natafuta nini chini ya miguu ya mke wake. Nikajibu heshima. Wazee wakatazamana. Mmoja alitoka nje, nikasikia anakohoa kicheko. Mzee akataka nieleze mwanzo mpaka mwisho. Nikaeleza betri, dainamo, Pontien, jenereta ya Anselmo na sharti lake. Hapo mzee alimtazama Anselmo kwa muda mrefu. Nikaeleza bamba, tindikali, waya mfupi.

Mama alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, anasikia. Kitenge kikapelekwa, akafunikwa, jogoo akachinjwa. Nikasubiri. Mwishowe Verdiana akatoka mlangoni na mzigo kichwani! Amefunga nguo zake! Ametumwa na neno la mama yake, alilisema mbele ya wote:

"Mama anasema mwanamume aliyelala mavumbini ili asimwone mkwe wake, heshima anayo. Akili itafuata."

Itafuata! Mbele ya Anselmo!

Tumetembea pamoja mpaka Majengo. Njiani alicheka ghafla, akanyamaza, akacheka tena. Tulipofika nikawasha taa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaangalia dari, akasema kesho atasugua masizi. Kisha akanishika mkono. Akasema habari ya paa imepita, hataitaja tena, na kwenye gari atakaa, kwa sababu mama alisema kaa. Ila ana jambo moja.

"Kabla hujabadilishana kitu chochote, niambie kwanza. Hilo tu."

Nikaapa. Niliapa kwa Bikira Maria na kwa kaburi la bibi. Nimeapa kutoka moyoni kabisa. Nina mke, nina taa. Nini tena mtu atafute?

Jumanne, 21 Agosti

Ee Mungu, una baraka ngapi kwa mtu mmoja!

Verdiana aliamka mapema, akasugua dari mpaka ikang'aa, akapika uji, akachukua ndoo akaenda kisimani. Hajageuka kona, Masele huyu hapa na Landrova ya kambi. Wanaondoka leo na treni. Mzungu kaacha vitu viwili vya mwisho: bamba la pili, kubwa kuliko langu mara mbili, na FRIJI! Friji nyeupe, ndogo, ya umeme wa betri, walikuwa wanahifadhia dawa. Masele anasema mabamba mawili yakishirikiana friji itagandisha maji. Barafu! Majengo! Mwezi wa tisa huu unakuja, joto lote lile, na mimi peke yangu nina barafu! Nani atakwenda tena baa ya Anselmo kunywa bia ya moto?

Masele hakutaka kitu kikubwa. Kaka yake ana mashine ya kusaga nafaka isiyo na injini. Injini ya Kombi itafaa. Hata hivyo kutoa injini peke yake ni kazi ya siku mbili na treni haingoji, kwa hiyo ilibidi achukue Kombi yote, aivute kwa Landrova mpaka stesheni.

Nilikumbuka kiapo. Siwezi kusema sikukumbuka. Nilikwenda mpaka njia panda kumtafuta Verdiana nimwambie kwanza, kama nilivyoahidi. Hakuonekana. Masele alipiga honi. Nikaona kwamba mke akishakuja kusikia neno barafu atanilaumu kwa kuchelewa. Nikamsaidia Masele kufunga kamba.

Sasa kila kitu kimepangwa vizuri hapa kiwanjani. Kitanda, kiti cha wateja, kopo la maua. Mabamba mawili juani, yanateseka sawasawa. Friji katikati. Nimeshaunga nyaya. Bado haijapata baridi, lakini ukitia sikio unasikia inavuma ndani, na hiyo ni dalili njema sana.

Verdiana anakuja. Namwona kwa mbali, ndoo kichwani, anaimba. Amenyamaza. Amesimama. Anatazama mahali Kombi ilipokuwa. Anashusha ndoo chini, polepole, bila kumwaga hata tone.

Nafikiri nianze na habari ya barafu.